Vidonge vya vitamini kwa wazee: nani hasa anavihitaji?

Vitamini B12 imo kwenye maini, nyama, dagaa, mayai na maziwa, lakini kuila ni jambo moja na mwili kuipata ni jingine. Ndani ya chakula imeshikana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo huibandua. Kisha hubebwa na protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo hadi mwisho wa utumbo mwembamba, inakofyonzwa. Umri unaposonga, ukuta wa tumbo wa watu wengi husinyaa na asidi hupungua. Mzee anaweza basi kula maini kila wiki na bado akapungukiwa.

Upungufu huo huja polepole, maana ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Akiba ikiisha, miguu hufa ganzi, hatua huyumba, kumbukumbu hupungua. Nyumbani husemwa ni uzee tu. Kwa mgonjwa wa kisukari, lawama huangukia sukari. Kumbe metformini, dawa yenyewe ya kisukari, ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzaji wa B12. Vivyo hivyo omeprazoli, ambayo wengi hujinunulia kutuliza kiungulia.

Hapo ndipo kidonge kinapostahili nafasi yake. B12 ya kidonge haihitaji asidi kuibandua. Mahitaji ya mtu mzima ni takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, na hata aliyekosa ile protini ya tumbo hufyonza kama asilimia 1 ya dozi kubwa: maikrogramu 1,000 humpa karibu 10. Unga uliorutubishwa husaidia pia. Kenya iliulazimisha kwa viwanda mwaka 2012, ila mahindi ya kusagisha kijijini kwa kawaida hutoka kinuni bila nyongeza yoyote.

Chupa ya vitamini mchanganyiko haina hoja hiyo. Madini ya chuma huwafungisha choo wazee wengi, vitamini A ikizidi hudhuru ini, na asidi ya foliki peke yake inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Wala hailishi bakteria wa utumbo; hao hulishwa na nyuzinyuzi za maharage, mboga na matunda. Kwa mzee asiye na upungufu, fedha ya chupa hiyo iende sokoni.

Anayetumia metformini au omeprazoli kwa miaka, na ganzi imeanza miguuni, amwulize daktari kipimo cha B12 kabla ya kununua chochote.