Mlutheri mbele ya noti za padre

Leo wengi wetu tutaimba tukifuata kinanda, basi naomba tumtafakari mpiga kinanda mmoja. Johann Sebastian Bach aliajiriwa na mtawala wa Weimar, Ujerumani, mwaka 1708. Alikuwa Mlutheri wa dhati, wa ukoo uliojaa wanamuziki, na kwa kinanda wachache walimfikia.

Mwaka 1711 zilichapishwa huko Amsterdam koncheto 12 za Antonio Vivaldi wa Venice, Italia. Katika koncheto za aina hii ala zote hupiga wimbo mkuu pamoja, kisha fidla moja au mbili hutoka na kusema yake, halafu wote huurudia ule wimbo, kama kiitikio cha pambio. Vivaldi alikuwa padre Mkatoliki, aliyepewa upadre mwaka 1703. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha fidla wasichana waliotupwa na wazazi wao, wakalelewa katika nyumba iitwayo Pietà. Hebu fikiri: muziki uliotikisa Ulaya ulikuwa ukipigwa na watoto ambao hakuna aliyewataka!

Noti hizo zikafika Weimar. Ujerumani ilikuwa bado na makovu ya vita ya miaka 30 baina ya watawala wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, iliyokwisha mwaka 1648, miaka 37 tu kabla Bach hajazaliwa. Angeweza kusema, hayo ni ya Wakatoliki, tena ya fidla, yananihusu nini? Badala yake alikaa akaziandika upya koncheto kadhaa kwa ajili ya kinanda. Palipokuwa na fidla mbili na kundi zima, yeye aligawa kazi kwa safu mbili za vibao, na sauti nzito akaipa miguu. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi, na aliifanya akikaribia miaka 30, akiwa tayari bingwa.

Mpendwa, hapo ndipo pagumu. Mtu asiyejua kitu hujifunza bila shida. Shida ni kwa anayesifiwa kila Jumapili. Apolo katika Matendo ya Mitume 18 alikuwa msemaji hodari aliyeyajua Maandiko, lakini alikubali kuketi na Priskila na Akila, mafundi wa mahema, wamweleze zaidi. Wewe mwalimu wa kwaya, mhubiri, mzee wa kanisa, ni lini mara ya mwisho ulijifunza kitu kutoka kwa dhehebu unalolisema vibaya? Sisemi uache imani yako. Bach hakuiacha, aliendelea kuandika muziki wa ibada ya Kilutheri hadi uzeeni, na mwishoni mwa kazi zake nyingi alitia herufi S.D.G., yaani utukufu ni wa Mungu peke yake. Ila ukizisikiliza koncheto zake sita alizomtunukia mwanamfalme wa Brandenburg mwaka 1721, utausikia ule mtindo wa Italia, wimbo mkuu ukienda na kurudi.

Karibu mwaka 1730, akiwa Leipzig na ana watoto wanaopiga vinanda, aliirudia koncheto moja ya Vivaldi ya fidla nne, akaiandika kwa vinanda vinne. Yeye na yule padre hawakuwahi kukutana.