Gari ni Bei ya Gari Tu

Aprili mwaka jana mimi na mwenzangu tulihama Vugiri, kule juu milimani Usambara, tukashukia Korogwe mjini. Tulitenga shilingi 250,000 za gari, tukajiona wajanja. Kumbe! Fuso lilipofika, makuli wanne wakalizunguka kabati letu la mninga, mmoja akasema, “Dada, kupakia kuna bei yake, kushusha kuna bei yake.” Na masika yale, dereva akagoma kufika mlangoni akihofia kukwama kwenye tope. Vyombo vyote vikabebwa kichwani hadi barabarani, nayo hiyo ikawa na hela yake.

Nyongeza ilitoka wapi? Kwenye kodi ya nyumba mpya, ambayo mwenye nyumba alitaka ya miezi sita taslimu. Mume wangu alininunia hadi Jumatano, na sikumlaumu, maana mpango wa hela niliupanga peke yangu.

Jamani, mwite mwenye gari aje aone vyombo na njia kabla ya kutaja bei. Makuli ni wake au wako? Turubai lipo? Kitu kikivunjika nani analipa? Majibu ayaandike, hata kwa meseji. Ukipata lori lililopandisha saruji na linashuka tupu, hapo bembeleza bei bila aibu. Na hesabu zote mzifanye wawili.

Kabati lilifika salama, ila mlango wake mmoja nilikuwa nimeupakata mimi.