Kufunga Mzigo wa Kilimanjaro: Madai Yasiyosimama

Kila inapokaribia Desemba 9, makundi ya Watanzania hupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Ni desturi nzuri, na inastahili kukua. Lakini tarehe hiyo huangukia msimu wa vuli, na mengi yanayosemwa mitaani kuhusu vitu vya kubeba yanaweza kumrudisha mtu njiani akitetemeka. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Tuko karibu na ikweta, baridi itoke wapi?"
Itoke kwenye kimo. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lango la Marangu liko kwenye mita 1,900 hivi, Kilele cha Uhuru mita 5,895. Hapo pekee zimeondoka zaidi ya nyuzi 20, kabla ya kuhesabu upepo na usiku.

Dai la pili: "Nikienda kiangazi, koti la mvua ni mzigo wa bure."
Kweli, mvua nyingi hunyesha masika na vuli. Lakini hewa yenye unyevu ikipanda mteremko hupoa na kuwa mawingu, mwezi wowote ule. Asubuhi kilele kinaonekana cheupe. Mchana ukungu umeshashuka msituni na manyunyu yameanza. Koti na suruali ya mvua vikae juu kabisa katika begi dogo unalobeba mwenyewe, maana mpagazi mwenye begi lako kubwa ameshatangulia kambini.

Dai la tatu: "Jinzi na sweta la pamba vinatosha."
Hili ndilo la hatari kuliko yote. Pamba hunywa maji na hukauka polepole. Kwenye njia ya Marangu, jinzi iliyolowa chini ya kambi ya Mandara itafika kambi ya Horombo, mita 3,720, ikiwa bado mbichi, nzito, imegandamana na mapaja. Huko jua la kuianikia halina uhakika, na unyevu wake unaendelea kukunyonya joto. Mwili ukipoa kupita kiasi, mtu huweza kufa hata pasipo theluji. Vaa fulana ya polista au sufu, juu yake sweta la flisi, na nje koti lisilopitisha maji na upepo. Tabaka tatu huvuliwa na kuvaliwa kadiri hali inavyobadilika; koti moja zito hukuacha ama unatoka jasho ama unatetemeka.

Dai la nne: "Begi langu haliingizi maji."
Mishono na zipu huingiza. Funga vitu kwa mafungu: mfuko wa kulalia peke yake, nguo za usiku wa kilele peke yake, simu na betri peke yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo tafuta mifuko isiyopitisha maji, ile ambayo mdomo wake hukunjwa mara kadhaa kisha hufungwa kwa kishikizo. Soksi za kulalia zisitembelewe, hata zile nyingine zikilowa zote.

Dai la tano: "Beba chochote, wapagazi wapo."
Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na anaubeba katika mvua ileile inayokunyeshea wewe. Kila jozi ya viatu isiyo na kazi inakaa kichwani au mgongoni mwa mtu.

Dai la sita: "Vifaa hivyo ni vya wenye fedha."
Mjini Moshi hukodishwa, na soko la mitumba la Memorial lina makoti na flisi nzuri. Ukishika koti, lidondoshee maji kidogo begani: yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, linafaa, yakinywewa, lirudishe.

Ukilazimika kupunguza mzigo, punguza chochote isipokuwa seti moja ya nguo kavu iliyofungwa vizuri. Na mwenzako asiye nayo, mwambie mapema kabla hamjafika getini.