Vigingi vya Njiani na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni, 2017, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, Waislamu wa Finsbury Park, mjini London, walikuwa wakitoka kusali tarawehe. Bwana mmoja wa miaka 51 alikuwa ameanguka kando ya njia, na wenziwe wamemzunguka wakimwauni. Mara gari likawapanda papo hapo. Bwana yule alifariki na wengine wakajeruhiwa. Lau si imamu kusimama kati na kuwazuia watu waliopandwa na hasira, dereva huenda asingefika mikononi mwa polisi akiwa mzima.

Si mbali na pale pana uwanja wa Arsenal, timu ambayo vijana wetu wa Pwani waijua kuliko wanavyowajua baadhi ya jamaa zao. Nje ya uwanja zimesimamishwa herufi kubwa za zege zenye jina la timu. Watoto huzipanda, wageni hupiga picha. Lakini kazi yake hasa ni kuzuia gari lisiwavamie watu. Basi mwenda mpirani alikwisha kufikiriwa. Mtoka msikitini usiku ule hakuwa na kitu baina yake na gurudumu.

Chombo kinachozungumzwa sana tangu miaka ile ni kigingi cha njiani. Mabaharia na makuli wa Kilindini wakijua asili yake: ni kile kichwa cha chuma gatini kifungiwacho kamba ya meli. Sasa kimepanda mjini. Kile cha kweli ni bomba nene la chuma lililojazwa zege, na nguvu yake imo chini ya ardhi katika msingi usioonekana. Vilivyo bora hujaribiwa kwa kugongwa na lori la tani 7 hivi, likienda kilomita 80 kwa saa. Kile kilichochomekwa juu juu na kupakwa rangi nyeupe na nyeusi ni pambo tu, ndugu msomaji, na mwenye nia mbaya alijua hilo kabla yako.

Hata cha kweli chataka kutunzwa. Katika mtaa wa Bourbon, mjini New Orleans, Marekani, viliwekwa vigingi vya kusogezwa. Shanga zinazotupwa katika sherehe zao zikaingia ndani na kuvikwamisha. Tarehe 1 Januari, 2025, vikiwa katika kubadilishwa, mtu mmoja alipitisha gari juu ya njia ya miguu, kando ya gari la polisi lililoegeshwa kuziba barabara, akaua watu 14. Sisi hatuna shanga nyingi namna ile, lakini hewa yetu ya chumvi yala chuma mchana na usiku.

Na hatari yenyewe si ngeni kwetu. Tarehe 28 Novemba, 2002, gari lenye mabomu lilivunja kizuizi cha hoteli ya Paradise huko Kikambala, na wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya, wakiwamo wacheza ngoma waliokuwa wakilaki wageni. Haikosi basi wenye majengo kuogopa. Lakini tazama wanavyojikinga: pipa la zege hapa, jiwe kubwa pale, yote juu ya njia ya miguu. Ukuta wa tajiri umesalimika, na mama mwenye mtoto mgongoni ameshuka barabarani kupishana na matatu. Katika nchi ambayo wendao kwa miguu ndio wanaokufa zaidi barabarani, huo si ulinzi wa kujivunia.

Kipimo kinachofuatwa Uingereza ni kwamba nafasi kati ya kigingi na kigingi isizidi mita 1 na sentimita 20. Gari halipiti, kiti cha magurudumu chapita. Kwa Mji wa Kale wa Mombasa, hata hivyo, kipimo hicho kina kasoro mbili. Bodaboda hupenya bila kupunguza mwendo, na huyo ndiye anayewatisha wazee vichochoroni kila siku kuliko lori lolote. Na mkokoteni wa maji haupiti kabisa.

Kisha kuna jeneza. Wachukuzi huenda wawili wawili, wakipokezana mabega, na umati nyuma yao hauwezi kuchujwa mmoja mmoja kama unga. Kadhalika maandamano ya maulidi. Fundi asiyeyajua haya ataweka vigingi sawasawa na kitabu, na watu wataving'oa.

Wazee wetu walijenga baraza mbele ya nyumba: jiwe la kukalia wageni, ambalo pia humweka mwenye punda na mzigo wake mbali na ukuta. Kwa nini vizuizi mbele ya misikiti, panapofurika watu Ijumaa, visiwe vya namna hiyo, mabaraza mazito yenye msingi, yakaliwe na anayengoja adhana? Katikati kiwepo kigingi kimoja au viwili vya kufunguliwa kwa jeneza, ambulensi na zimamoto. Na ufunguo ukae mtaani, kwa watu wanaolala pale pale, si katika afisi inayofungwa saa kumi na moja jioni.