Kitabu Tulichokifungia Kabatini

Wale waliotuandikia wakilalamika kwamba safu hii ya vitabu imezidi kuzungumzia mapishi na malezi, na kuziacha riwaya kando, leo tunawajibu. Kati ya barua hizo imo moja ya mama wa Bububu, Unguja, mwenye binti wa kidato cha pili. Anasema binti yake ana uchu wa kusoma, hata gazeti lililofungiwa maandazi haliachi mpaka alimalize, na sasa ameanza kuleta nyumbani riwaya za kuazima kwa wenzake. "Nimkataze au nimwache?" anauliza. "Na kama ni kumpa, nimpe kipi kisichomharibu?"

Barua hii tulikaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Swali hilo lilitufikia na sisi miaka kadhaa iliyopita, na tulilijibu vibaya.

Binti yetu alikuwa darasa hilo hilo. Siku moja tukitandika kitanda chake tulikuta chini ya mto riwaya ya Said Ahmed Mohamed iitwayo Utengano. Tulifungua katikati, tukasoma nusu ukurasa uliotaja danguro, tukafunga. Hatukuuliza neno. Kitabu tulikitia kabatini, chini ya kanga za harusi, na ufunguo tukaufunga penye pindo la leso. Jioni mtoto alikitafuta, asikione, akanyamaza, nasi tukanyamaza. Tulilala tukijiona tumetimiza wajibu wa mzazi. Kumbe alikwenda kuazima nakala nyingine kwa shoga yake, akaimaliza huko huko.

Hilo peke yake lingekuwa jambo dogo. Mwaka uliofuata mwanamume mmoja mtu mzima, mwenye gari, alianza kumsimamisha njiani atokapo shule. Alimnunulia chipsi, akampa nauli, halafu akaanza kudai shukrani. Binti yetu alikaa na siri hiyo miezi mitatu. Alipoitoa, aliitoa kwa shangazi yake. Tunamshukuru Mungu kwamba mambo yalikuwa hayajafika pabaya. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia sisi, alijibu bila hasira yoyote: "Mama, kitabu tu ulikifungia kabatini. Mimi ungenifanyaje?"

Maneno hayo tulikuwa nayo moyoni tulipovuka kwenda Unguja na akina mama wenzetu kwa mkutano uliofanyika Mkunazini. Tulipangiwa kulala katika nyumba ya mama mmoja mzee, mkunga mstaafu, katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani. Tulipoingia na kuamkia, jicho letu lilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la sebuleni. Pale ambapo wengi wetu tunapanga vikombe vya wageni, yeye alikuwa amepanga vitabu. Utengano kilikuwamo, jalada limechakaa.

Tukamsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, ulikisoma?"

Tukamwambia tulisoma nusu ukurasa.

"Basi hukukisoma."

Katika nyumba yake, alitueleza, kila kitabu kinachoingia kwanza hukisoma yeye, kisha humpa mjukuu. Baadaye, wakichagua mchele, humwuliza maswali. Hamwulizi amejifunza nini, kwa sababu mtoto akiulizwa hivyo hujibu kama yuko mbele ya mwalimu. Humwuliza, "Wewe ungekuwa jirani yao, ungefanya nini?" Usiku ule tulikiomba kitabu, tukakisoma kwa siku mbili.

Utengano kilitoka mwaka 1980. Mwandishi ni mzaliwa wa Pemba. Ni habari za Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, tajiri na mwanasiasa ambaye nje anaheshimiwa na ndani anaogopwa. Maimuna amelelewa ndani ya kuta, na dunia anaijua kwa kuchungulia. Mama yake, Bi Tamima, anapigwa na kupewa talaka. Msichana anatoroka, na kwa kuwa hakuzoezwa kumpambanua mwema na mbaya, anaangukia mikononi mwa watu wanaojipatia riziki kwa wasichana kama yeye. Ule nusu ukurasa wetu umo. Akiufikia aliyeanza mwanzo, anatamani kumvuta Maimuna mkono amrudishe. Sisi tuliofungulia katikati tuliona neno moja tu tukatetemeka. Mwandishi alikuwa anatuonya juu ya kumfungia binti, nasi tukamfungia yeye.

Hatusemi ni kitabu kisicho na kasoro. Maksuudi amepakwa masizi mengi mno, mahali pengine hata haaminiki, na mwishoni mambo yanafungwa kwa haraka. Lakini mama wa Bububu, kwa binti wa kidato cha pili tunakuambia mpe, ukiwa umetangulia wewe kukisoma. Ukiwa huna nafasi ya kukisoma, subiri uipate.

Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999, tungekiweka hadi binti amalize kidato cha nne. Mapenzi yamo na hayakufunikwa. Yasmini, msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa mzee, anamkimbia, na jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na kitu ila chumba chake na moyo wake. Wengi husifu habari za Denge na harakati za kudai uhuru. Sisi tulipendezwa zaidi na hao wanawake wawili, maana ni mara chache riwaya kuupa urafiki wa wanawake nafasi kubwa hivyo. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Mnaweza kuitazama pamoja, lakini kitabu kina mengi zaidi.

Kwa mama mwenyewe, aliyechoka na anayetaka kusoma habari za ndoa bila kuhubiriwa, tunapendekeza Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1976. Rehema ni mtoto wa tajiri, anayefiwa na mama na kuteswa na mama wa kambo. Anakuja kupata utulivu wake kwa Sulubu, mkulima maskini. Kurasa za maisha yao shambani ndizo tulizozirudia. Hazina mikogo ya mapenzi, mna jembe na chakula kilicholiwa pamoja, na hapo hapo unaelewa kwamba watu hawa wanapendana. Msitegemee mwisho wa harusi na vigelegele.

Sasa tuje kwenye kitabu kilichotukalia sana katika safari hii, nacho si riwaya. Siku ya tatu mwenyeji wetu alitupandisha daladala hadi Mtoni, kuangalia magofu ya jumba la Sultani Seyyid Said. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa, kwa kuwa kalamu haikuonekana kumfaa mwanamke. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao wa kuandikia, akawa ananakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea.

Halafu yakatokea yale ambayo wazee waliyahofia. Mwaka 1859, akiwa msichana mdogo, alijikuta anawaandikia barua watu wa kaka yake Barghash waliokula njama ya kumwondoa Sultani Majid, kaka yao mwingine. Mwenyewe alikuja kulijutia jambo hilo. Tunalitaja makusudi, kwa sababu kuna mama atakayesema, "Mnaona basi, wangemwacha bila kuandika." Lakini mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Mkono ule uliojizoesha juu ya mfupa ndio uliowaandikia wanawe habari za kwao, na kutokana na maandishi hayo kikatoka kitabu cha kumbukumbu zake, Ujerumani, mwaka 1886. Alifariki 1924.

Kitabu kimejaa mambo ambayo mwanamke ndiye angeyaona: nguo, bafu, watoto wanavyozaliwa na kufunikwa, wivu wa masuria, siku za sikukuu. Mahali pamoja kilituudhi. Salme anautetea utumwa, anasema watumwa wa kwao walitunzwa vizuri. Tuliyasoma hayo jioni, baada ya kutwa nzima kukaa Mkunazini, ambapo kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kitabu tulikiweka chini. Kesho yake tulikiinua tena, maana mtu anaweza kusema kweli juu ya machozi yake na asiyaone ya mtumishi anayempepea. Tumekisoma kwa Kiingereza. Ambaye Kiingereza kinampiga chenga amwombe mwanawe wa kidato cha nne amsimulie sura moja kila jioni, mtoto naye atafaidi.

Ukimaliza huyo, tafuta Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, upate upande wa pili wa kisiwa. Siti alikuwa binti wa Fumba, wa nyumba ya wafinyanzi, aliyekuja mjini kuuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Ni kitabu chembamba, kinamalizika kabla maharage hayajaiva.

Akina baba na vijana wa kiume msiwasahau. Wape Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957 na 1958, kikachapwa 1960, na ndicho kilichomleta Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi anayekamata mhalifu kwa kufikiri na si kwa bastola. Kiswahili chake ni kitamu, ila cha kale kidogo, kwa hiyo wekeni karibu Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, la mwaka 2010. Kijana anayependa habari za kazi na haki atapenda Kuli cha Adam Shafi, juu ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Na anayependa mashairi mpeni Kimbunga, tungo za Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021.

Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, tunaisoma bado. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayekabidhiwa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Kila tukifika mahali pa kumkumbuka mama yake tunasimama. Tutawapa habari tukiimaliza.

Kwa wadogo, Hekaya za Abunuwas bado zinachekesha kama zamani. Zile ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere, yule aliyekuja kuwa askofu, na kuzichapisha London mwaka 1870, zimo pia midomoni mwa bibi wengi. Ile ya Sultani Darai na paa wake msimulie mtoto mchana. Tulimsimulia wetu usiku, akalia kwa ajili ya yule paa hata usingizi ukakataa. Na katika kila nyumba ya shamba, Kusini au Kaskazini Unguja, tungependa kuona Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha tiba chenye michoro ambayo hata asiyesoma vizuri anaielewa. Kitabu cha mapishi mwezi huu hatuna. Tulimwomba mwenyeji wetu vipimo vya pilau yake, akatuonyesha kiganja.

Mtasema fedha ziko wapi. Maktaba Kuu ya Zanzibar ipo Maisara. Mama anayekwenda mjini sokoni anaweza kupitia. Akina mama wa mkutano wetu walipatana hivi: kumi wanachangishana, wananunua vitabu viwili, vinazunguka kwa daftari, na anayekichelewesha anawapikia wenzake chai na vitumbua. Mpaka tunaondoka vitumbua vilikuwa vimeliwa mara mbili, na mara zote mbili mchelewaji alikuwa mwenyekiti.

Kile cha kabatini tulikitoa tuliporudi. Kimenuka karafuu tulizotilia kanga. Tulimkabidhi mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, tukamwambia tumekisoma chote. Akakigeuzageuza, akauliza, "Haya, Bi Tamima umemwonaje?" Tulikaa jikoni mpaka ubwabwa ukaungua.

Mama wa Bububu, tuandikie umeanza na kipi. Mwezi ujao tutakuwa na vitabu viwili vya ushonaji na kimoja cha ufugaji wa kuku.