NI RUZUKU AU NI JASHO LETU?



Kila msimu wa karafuu ukiwadia twasikia maneno yale yale. Serikali imewapa wakulima miche bure. Serikali imewapa mkono wa pole walioanguka mikarafuuni. Serikali imewapandishia bei. Imewapa, imewapa! Sisi twauliza: mpaji huyu mali hiyo kaitoa wapi?

Tangu mwaka 1968 karafuu za visiwa hivi zimekuwa na mnunuzi mmoja, nalo ni Shirika la Biashara la Taifa. Wala si jambo geni: mwaka 1937 wakoloni waliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya namna hiyo, jina likawa la wakulima na amri ikawa ya Serikali. Anunuaye peke yake ndiye apangaye bei. Na alichokipunja mizanini aweza kukirudisha nusu kwa mkono wa pili, akakiita ruzuku.

Kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ya ng'ambo. Watu wakavusha karafuu usiku kwenda Mombasa, ingawa baada ya 1964 adhabu ya magendo ilifika hadi kifo. Mtu hahatarishi roho yake kwa tofauti ya senti mbili.

Mwaka 2011 bei ilipandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hatukatai, lilikuwa jambo jema, na magendo yakapungua. Lakini ahadi ile ni ungamo pia. Ikiwa asilimia 80 yawezekana, je, miaka yote iliyotangulia ilikuwa ikienda wapi? Nani aliyeulizwa?

Tena, asilimia 80 ya bei ipi? Ya siku mkulima anapopima Chake Chake, au ya siku meli inapopakia? Asiyeonyeshwa hesabu ya mauzo hawezi kujua kama ahadi imetimizwa au imesemwa tu.

Wala hiyo 80 si faida. Katika hiyo mkulima atoe gharama ya palizi, awalipe wachumaji papo hapo kwa karafuu mbichi, na zahitajika takriban kilo tatu mbichi kupata moja kavu. Mvua ikinyesha juu ya jamvi, karafuu zikaharibika rangi, huteremshwa daraja, na hasara ni yake peke yake. Ile asilimia 20 haianikwi wala hainyeshewi.

Ama miche, twaishukuru. Lakini mkarafuu hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na watoto hawali majani yake. Na miche au fidia inapopitia kwa sheha, ambaye ni mteule wa Serikali, mwananchi ana haki ya kujua ni nani kapata na ni nani kaambiwa arudi kesho.

Twataka ubao katika kila kituo cha kununulia karafuu, kuanzia Wete hadi Mkoani. Upande mmoja iandikwe bei ambayo Shirika limeuzia ng'ambo, na tarehe yake. Upande wa pili ibandikwe orodha ya waliopewa miche na fidia. Uwekwe kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao.