Mwanao Kaingia Jeshini, Kadi ya Chama Kaa Nayo



Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani kusaidia kuvuna maharage. Usiku, baada ya chakula, mama akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanyanyua godoro. Chini palikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake kadi yake ya chama. Akanipa mkononi. "Mwanangu, irudishe huko ofisini kwenu. Sitaki mdogo wako apate shida kwa ajili yangu."

Mdogo wangu ni askari wa JWTZ. Tena si wa nchi kavu, ni mwanamaji, yupo Kigamboni. Mtoto aliyekulia kwenye migomba, ambaye mpaka anamaliza kidato cha nne maji makubwa aliyoyaona kwa macho yake ni Mto Kagera pale Murongo, leo anavaa sare nyeupe na analala karibu na bahari. Mama anajivunia mpaka basi. Na anaogopa mpaka basi.

Nikamuuliza nani kamwambia arudishe kadi. Kwanza akakataa kusema. Baadaye akafunguka. Kwenye msiba wa jirani, kiongozi mmoja wa kijijini alimvuta pembeni akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, mwanao anakula mkate wa serikali, na wewe bado unakwenda kwenye mikutano ya wale? Utamharibia kijana." Hakumtishia wala hakupiga kelele. Alimshauri tu, na ushauri wa namna hiyo ndio unaomkosesha mama usingizi.

Lakini subirini, kuna la pili, na hili linatuhusu sisi. Mwezi uliofuata alikwenda kwenye kikao cha tawi. Alipoingia, mmoja wetu, kijana mwenzangu ninayemheshimu, akasema kwa sauti, "Jamani chungeni maneno, mama wa afande kafika. Mwanae ndo atakuja kutupiga virungu." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana ndivyo mtu mzima anavyofanya akiaibishwa mbele za watu. Tangu siku hiyo hajarudi.

Kwa hiyo upande wa kule anaambiwa ni msaliti, na upande wa huku anaambiwa ni mpelelezi. Mwanamke mmoja, kadi moja, mtoto mmoja jeshini. Nimeamua kuandika kwa sababu najua hayupo peke yake. Kuanzia Kaisho mpaka Nyaishozi, Nkwenda mpaka Ihembe, ziko nyumba nyingi zenye kijana JKT au jeshini, na wazazi wao wako kimya hivihivi.

Tuanze na sheria, maana hapa watu wanadanganywa mchana kweupe. Katiba yetu, Ibara ya 147, inasema wazi kwamba mwanajeshi haruhusiwi kujiunga na chama chochote cha siasa. Chochote. Kwa hiyo si cha kwetu tu, hata kile kinachotawala. Na Katiba inamtaja mwanajeshi kuwa ni askari aliyeajiriwa katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au JKT. Haki ya kupiga kura anabaki nayo. Sasa nionyesheni mstari unaomtaja mama yake. Haupo. Hakuna baba wa mwanajeshi, hakuna dada wa mwanajeshi. Mzazi anabaki na uhuru wake wa kujumuika kama raia mwingine yeyote, na huo umeandikwa Ibara ya 20. Aliyemshauri mama yangu hakuwa anamlinda mdogo wangu. Alikuwa anatafuta kadi moja ipungue kwenye tawi letu.

Na sisi tujiangalie. Jeshi ni la Watanzania wote. Huku Kagera hatuhitaji mtu wa kutufundisha hilo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likalipuliwa, waliokwenda mbele walikuwa watoto wa wakulima. Makaburi ya Kaboya kule Muleba hayakuandikwa itikadi. Sasa kijana wa Kyerwa akienda kutumikia nchi yake, sisi tunamgeuza mama yake kichekesho kwenye kikao? Huo si upinzani. Ni ujinga, na nausema nikiwa ndani ya nyumba.

Tukimaliza siasa kuna jambo kubwa zaidi: wazazi hawa hawana mtu wa kumuuliza. Mtoto akienda sekondari kuna fomu ya kujiunga, kuna mwalimu, kuna kikao cha wazazi. Akienda jeshini, mzazi anabaki na uvumi wa kijiweni. Na penye uvumi ndipo matapeli wanapojenga.

Hili nalisema kwa uchungu wa nyumbani. Kabla mdogo wangu hajapata, alikuja bwana mmoja pale Omurushaka, shati limenyooka, simu mbili, anasema ana "mjomba makao makuu". Alitaka 800,000. Mama hakuwa nayo. Akauza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Hela ikatumwa. Bwana akapiga mara mbili, "mambo yanakwenda vizuri mama", halafu simu ikazimwa mpaka leo. Msimu ulipofika, mama alivuna kahawa ya mtu mwingine kwenye kibanja chake mwenyewe.

Miaka miwili baadaye tangazo la JKT lilitoka, dogo akapeleka barua yake wilayani, akafanyiwa usaili, akachaguliwa. Bure. Akamaliza JKT, JWTZ walipochukua vijana akapita, akaenda kozi ya awali kule Kihangaiko, Msata, na mwisho akapangiwa wanamaji. Hakuna shilingi iliyotoka. Ile 800,000 ilinunua kilio tu.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu mwenye simu na bando awe mtu wa kuulizwa. Haya ndiyo ya kuwaambia wazazi, na mwambieni hata mzazi wa chama kingine.

1. Nafasi haiuzwi. JKT na JWTZ wamelisema hili mara nyingi kwenye matangazo yao wenyewe. Vijana wa kujitolea wa JKT huomba kupitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa. Yeyote anayeomba hela, awe na sare au awe na suti, ni tapeli. Msiuze kahawa, msiuze ng'ombe.

2. Karatasi ziandaliwe mapema. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya shule. Huku kwetu mpakani hili ni zito kuliko kwingine. Tunakumbuka Operesheni Kimbunga ya 2013, jinsi watu walivyohojiwa uraia wao kwa sababu ya jina au lafudhi tu. Kijana wa Murongo anaweza kuzungushwa NIDA miezi na miezi, wakati tangazo la jeshi linakaa wiki chache. Mzazi asisubiri tangazo. Aanze mapema.

3. Mtoto wa kidato cha sita anayeitwa JKT kwa mujibu wa sheria hajapewa ajira. Utaratibu huu ulisimama mwaka 1994 ukarudi 2013. Orodha za majina na kambi hutoka kwenye tovuti ya JKT, na tangazo linataja vitu vya kwenda navyo: kaptula ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka, soksi nyeusi, nguo za baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Huku kwetu mtoto anaweza kupangiwa popote, iwe Kigoma au Tanga. Mzazi aanze kudunduliza mtihani unapokaribia, asisubiri jina litoke.

4. Ukimya si msiba. Kuruta akiwa mafunzoni hashiki simu anavyotaka. Mama yangu alikaa miezi bila kusikia sauti ya mwanae, na kila bodaboda ikisimama getini anashika kifua. Hakuna aliyemwambia kabla kwamba hiyo ni kawaida. Na hapohapo kuna matapeli wa pili, wale wa "mwanao kaumia mazoezini, tuma hela ya matibabu haraka". Msitume. Kabla kijana hajaondoka, andikeni jina la kambi yake, muda anaotegemea kumaliza, na namba ya mwenzake anayeripoti naye.

5. Picha na sare. Najua raha ya kuweka picha ya kijana wako kwenye status. Lakini usitangaze kikosi chake wala anakopelekwa. Na ile kofia au jaketi aliloacha nyumbani, usimvalishe mdogo wake kwenda nalo mnadani. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Usiingie matatani kwa ajili ya kofia.

6. Mkubali hofu izungumzwe. Mama aliposikia "wanamaji", kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa, "Waitu, anajua kuogelea?" Watu wa Dar wangecheka. Huku hatucheki. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, na Kagera nzima inajua ilivyokuwa kungoja majina. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Mwaka 2022 ndege ikaangukia ziwani pale Bukoba, watu 19 wakafa. Na wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliouawa Kongo mwezi Desemba 2017, wakilinda amani, nao walikuwa na mama zao. Mzazi akiuliza swali la namna hii hana kasoro ya uzalendo. Ajibiwe.

7. Na la mwisho, wazazi waambiwe ukweli kuhusu ajira. JKT wenyewe wanatangaza kwamba kujitolea si ahadi ya kuajiriwa. Lakini kijijini hakuna anayelisikia hilo. Tunasikia "mtoto kaenda jeshi" na tunafanya sherehe. Tukumbuke Aprili 2021, vijana 854 wa JKT walisitishiwa mikataba baada ya kudai waajiriwe. Jeshi lilisema ni utovu wa nidhamu, na nidhamu ya jeshi ina sheria zake, sitaingia huko. Swali langu ni la nyumbani: siku 854 wale waliposhuka kwenye mabasi, nani alikuwa amewaandaa wazazi wao? Kijana anarudi na begi, miaka imekwenda, mtaani anaitwa "aliyefukuzwa". Baba hamsemeshi. Nimewaona vijana waliorudi wakazama kwenye lubisi kwa sababu ya aibu tu, wakati mikononi wana ufundi waliofundishwa kambini.

Sasa tunadai nini? Wengine watasema jeshi halijadiliwi. Sijadili silaha wala mipango ya vita. Najadili mama yangu.

Tunadai kila wilaya, Karagwe na Kyerwa zikiwemo, itangaze wazi imepewa nafasi ngapi za JKT, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe ofisi za kata. Mwanga ukiwepo, mwenye "mjomba makao makuu" anakosa soko. Tunadai siku moja ya kikao na wazazi kabla vijana hawajaondoka, pale pale wilayani, waelezwe kambi iko wapi, mawasiliano yakoje, na mkataba unaishaje. Kikao hicho gharama yake ni viti na maturubai. Tunadai namba moja ya simu ya serikali ambayo mzazi akipiga anajua anaongea na ofisi, si tapeli. Na tunadai anayemaliza miaka yake miwili bila ajira arudi na cheti cha ufundi kinachotambulika, na apewe kipaumbele kwenye mikopo ya vijana ya halmashauri.

Hayo ni ya serikali. Ya kwetu tusingoje. Kila tawi liwe na mtu mmoja anayebandika matangazo halali ya jeshi ukutani na kuwasomea wazee wasiojua kusoma. Kijana akirudi kutoka JKT, twende tukamsalimie, tumtafutie kazi ya mikono yake. Na mama wa afande akiingia kwenye kikao, asimame mtu ampishe kiti, basi.

Kwa mdogo wangu hakuna ombi. Yeye ni wa Jamhuri, hana chama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akipiga simu tunaongea habari za ng'ombe na bei ya kahawa. Siasa hatumuulizi, naye hatuulizi.

Kadi ya mama ninayo mimi. Sijaipeleka ofisini. Nimemwambia nitaitunza mpaka atakaponiambia mwenyewe niirudishe kwake au kwa chama, bila mtu wa kumshauri msibani na bila mtu wa kumchekesha kwenye kikao. Amenyamaza kidogo, halafu akauliza, "Yule kijana aliyesema maneno yale, bado anakuja vikaoni?"

Nikamjibu anakuja. Na wewe kijana uliyesema, najua unasoma hapa. Jumapili nakusubiri, twende wote nyumbani ukamwamkie mama na umwombe radhi. Mambo mengine tutayaongea njiani.